Dadu ilivyomuua mganga wangu

Enzi hizo tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu, Jumamosi baada ya Isha, Tanga, kwenye baraza la mjomba kule Ngamiani, stori ya masta wetu, yaani msimulizi anayeendesha mchezo, inapita kwenye mapango kama yale ya Amboni, giza, popo, mawe ya chokaa. Mimi mganga, na yule mhusika nilimpenda jamani, nimeanza naye leveli ya 1.

Sasa meza yetu ilikuwa na sheria yake. Kitabu cha sheria cha mchezo cha 2014 kinasema ukishambulia ukapata 1 kwenye dadu ya pande 20 umekosa tu, basi, sisi tukaongeza kwamba unampiga mwenzako wa karibu. Binamu yangu ndo shujaa wa upanga, kafika leveli ya 5, anashambulia mara mbili kwa zamu. Katupa, 1. Upanga kwangu, nikaanguka. Katupa tena, 1! Hiyo ni bahati ya moja kwenye 400, na kwa vile niko chini tayari likahesabika nimefeli mara mbili kujiokoa na kifo, ya tatu ndo unakufa, bado moja nife. Zamu yangu nikatupa, inatakiwa 10 kwenda juu, ikaja 7.

Binamu akabaki "samahani kaka, wallahi samahani".

Dada mmoja mwalimu wa hesabu akavuta daftari. Nafasi ya kupata 1 kwa shambulio moja, asilimia 5. Mawili, karibu 10. Shujaa akifika leveli ya 20 anapiga mara nne, inazidi 18 kila zamu, yaani kadiri unavyokuwa bingwa ndivyo unavyowakata wenzako, wakati mchawi anarusha moto na anayetupa dadu ya kukwepa ni adui, yeye 1 haimhusu! Hapo ndo niliumia kuliko hata kile kifo.

Tulibishana mpaka birika la kahawa likaisha. Ikapita hivi: 1 inahesabika shambulio la kwanza tu, na aliyetupa anachagua mwenyewe balaa lake, upanga ukwame kwenye mwamba, taa izimike, ila damu ya mwenzake hapana. Binamu akaomba 20 tatu mfululizo adui afe hapohapo, tukampa, ni moja kwenye 8,000 hiyo.

Masta akataka kumfufua mganga. Nikakataa, kafa kwa sheria tuliyoikubali wote. Jumamosi iliyofuata nikaja na mpiga upinde, leveli ya 5, mashambulizi mawili.