Kitanda cha tano kwa sita cha mdoli, kwa maboksi na vijiti vya aiskrimu

Fanicha nyingi za midoli tunazotengeneza nyumbani zinaharibikia kwenye vipimo, boksi halina kosa kabisa. Unakuta mtu kajitahidi, kapaka rangi, kashona mpaka mito, halafu meza inamfika mdoli shingoni au kitanda kimekuwa kifupi miguu inatoka nje, na mtoto akiona tu anajua hapa kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukwambia ni nini. Watoto wakicheza nyumba wanacheza kweli jamani, wanapika, wanalaza watoto, wanakaribisha wageni, kwahiyo vitu vya mdoli vinatakiwa vimtoshe mdoli.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi mno. Midoli ya saizi ya Barbie (alianza kuuzwa 1959, na mingi ya bei chee unayoikuta Kariakoo imefuata urefu huohuo) ina kama inchi 11 na nusu, yaani ni moja ya sita ya mtu mzima. Maana yake futi 1 yetu ni inchi 2 za mdoli, basi, hesabu imeisha. Kitanda cha tano kwa sita kinakuwa inchi 10 kwa 12, urefu wa rula ya shule kabisa. Meza ya chakula ya futi 2 na nusu inakuwa inchi 5, kiti ambacho pa kukalia pako inchi 18 kutoka chini kinakuwa inchi 3. Chukua futi kamba ya fundi cherehani upime vitu vyako mwenyewe humo ndani, gawa kwa sita, andika kwenye daftari. Kwa midoli midogo kuna skeli nyingine ya futi 1 kuwa inchi 1, na hiyo ndo iliyotumika kwenye nyumba ya midoli ya Malkia Mary kule Windsor, Uingereza, iliyokamilika 1924, ambayo ina taa za umeme na maji yanatoka bombani kweli. Wale walikuwa na mafundi wa kila aina, sisi tuna maboksi ya kwa Mangi, ila rula ni ileile.

Tuje kwenye boksi sasa maana hapa ndo kuna utamu. Omba dukani boksi la mafuta ya kula au la sabuni, yale magumu. Ukilikata ukaangalia ubavuni utaona ndani kuna karatasi yenye mawimbi imebanwa katikati ya karatasi mbili, na ile mistari ya mawimbi ndo nguvu yote ya boksi. Miguu ya kitanda na kuta za kabati, mistari isimame wima. Ukiilaza, mtoto akibonyeza kidogo tu inakunjika. Kwa chaga na kichwa cha kitanda, bandika vipande viwili, kimoja mistari iende kushoto kulia kingine iende juu chini, paka gundi nyembamba eneo lote, weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho yake. Kinatoka kigumu kama plaiwudi, nakwambia ukweli, unaweza kukiegemea kwa kiganja. Pa kukunja usikate, pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino kwa kutumia rula, ukikunja inakunjika imenyooka. Kingo zile zinazoonyesha matundu zizibe na vipande vya karatasi ya kaki, hapo hata mgeni hajui kama ni boksi.

Gundi ninayoipenda ni ile nyeupe ya mbao ya mafundi, unatumia kidogo kidogo. Uji wa ngano unashika vizuri tu ila unaita mende na panya, siushauri. Supa gluu kaa nayo mbali kama unafanya na watoto, inagandisha vidole na inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Kochi nalo lina siri yake. Midoli mingi ya bei rahisi magoti hayakunji, akikaa miguu inanyooka mbele moja kwa moja, kwahiyo kwenye kiti kifupi anateleza anaanguka. Pa kukalia pafanye parefu kwenda ndani, inchi 4 hivi, na palale kidogo nyuma, na mgongo wa kochi uulaze kidogo pia, hapo anatulia bila kushikiliwa. Ndani weka sponji, ya kuoshea vyombo inafaa au kipande cha godoro chakavu kikiwa kisafi. Kitambaa pita kwa fundi cherehani wako umuombe vipande anavyotupa, lakini chagua. Kitenge chenye ua kubwa usichukue hata kama kizuri namna gani, kwa sababu ua la inchi 3 kwa mdoli ni ua la futi moja na nusu! Tafuta vidoti, vimistari, au kama kuna kanga imechakaa angalia kwenye pindo, mara nyingi huwa kuna michoro midogo inayopendeza sana. Na vile vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi usiviache, kochi la kwetu bila kitambaa mgongoni halijakamilika, kata kipande cha lesi mraba umemaliza.

Neti ya kitanda tumia shela au ile nyavu laini ya kufungia zawadi. Neti chakavu ya mbu mimi siiweki kwenye vitu vya mtoto, zile zina dawa na watoto wanapeleka kila kitu mdomoni. Nguzo nne ni vijiti vya mishikaki, kata ncha kali kwanza.

Vijiti vya aiskrimu vinauzwa steshenari kwa pakti, na kama unavitaka rangi ya mbao ya zamani viloweke kwenye chai ya rangi kali usiku mzima, ukikausha halafu ukapiga msasa mdogo vinatoka kahawia safi sana, bila vanishi wala nini. Ukitaka kuvikunja kwa ajili ya mgongo wa kiti vichemshe kama nusu saa, kunja taratibu kuzunguka kikombe, funga na uzi uache vikauke hukohuko.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni mbuzi ya nazi. Watu wanatengeneza sofa na dresing tebo, jikoni wanasahau kabisa, wakati mtoto wa pwani anajua kukuna nazi kabla hajajua sofa. Fanya hivi: bandika vijiti viwili ubavu kwa ubavu, kata urefu wa inchi 3, hicho ndo kibao cha kukalia. Tengeneza kibao kingine hivyohivyo, ila katikati ya vijiti vyake acha uwazi unaotosha upana wa cha kwanza ili kipenye, vikae kama alama ya kuzidisha. Hapo pa kukutania pitisha kijiti cha kuchokolea meno kama bawaba, tundu toboa na sindano iliyopashwa moto na kijiti cha aiskrimu unachokitoboa kiwe kimelowa kidogo, kikiwa kikavu kinapasuka. Ulimi usiukate kwenye kopo la soda, linakata vidole, tumia kadi ngumu uliyoifunika na foili pande zote mbili, halafu na mkasi mdogo unapunguza pembeni unatoa meno moja moja. Unabandika mbele, mbuzi inafunguka na kufunga kama ya jikoni. Nazi yake ni nusu ya ganda la karanga, ndani paka rangi nyeupe, na kifuu ni hichohicho ganda lenyewe. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu hiyo nazi amwekee mbali mpaka akue.