Zilibaki hatua 15

Leo Jumamosi gari la kunyonya choo limekuja mtaani kwetu hapa Arusha, likaondoka tupu. Nyumba ina vyumba sita vya kupanga na choo kimoja, nacho kimefurika tangu wiki iliyopita. Wapangaji wanapiga hodi kwa majirani usiku na mchana. Dereva akavuta mpira wote mpaka kona ya ukuta mpya wa tofali, ukaishia hapo. Zilibaki kama hatua 15. "Mwenyekiti, hapa hakuna njia," akaniambia, akaanza kuukunja.

Njia ilikuwepo. Nilipochaguliwa mwenyekiti wa mtaa Novemba 2024 nilikuwa napita hapo kwa pikipiki. Kipande cha ardhi chenye ukuta ule kiliuzwa Machi, hatua 10 kwa 20, na kwenye karatasi ya mauziano, sehemu ya mashahidi, jina langu lipo. Niliuliza mipaka, nikauliza kama ndugu wa muuzaji wameridhia. Kwamba watu watapita wapi, sikuuliza. Imeniuma sana leo.

Wakati nagombea niliamini shida kubwa ya makazi huku ni hati. Kila mkutano swali la kwanza ni urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja na kupewa hati: wapima wanakuja lini? Lakini wiki tatu hizi nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari, na wapangaji niliowakuta, hata mmoja hakunitajia hati. Walitaja choo, maji, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mama mmoja anauza mbogamboga. Akishalipa hiyo miezi sita, mtaji umekwisha, anaanza kukopa mchicha.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji letu. Ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka lazima walale mahali, na wengi wanalala kwenye yaliyokuwa mashamba ya mahindi na maharage, Muriet, Olasiti, Moshono. Shamba linakatwa kipande kwa ajili ya ada ya mtoto, kingine kwa ajili ya matibabu, na mchoro wa mipango miji unafika nyumba zimeshaezekwa. Wapo walioshuka mpaka kingo za mito, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Nikiwaambia wahame, wananiuliza waende wapi. Ni swali la haki kabisa.

Jioni nimekwenda kwa koko, yaani bibi, anayepakana na ule ukuta. Wapima wakija, barabara itatoka kwenye viwanja vyetu wenyewe, na upande wake ndio wenye nafasi. Nikamweleza, hatua tatu tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nitoe hatua tatu, Mwenyekiti. Na huyu aliyejenga ukuta atoe nini?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo hivyo. Akainuka, akaenda kwenye michongoma yake, akahesabu kwa miguu yake mwenyewe: moja, mbili, tatu. Ya tatu ikaangukia kwenye shina la mgomba wenye mkungu. Akaushika ule mgomba, hakusema kitu.

Kesho baada ya ibada naenda kwa mwenye ukuta. Nitaibeba ile karatasi yenye jina langu.