Nilivyopiga upya picha za nyumba ya mama hadi wanunuzi wakaja

Mama alipofariki, mimi na dada yangu tulikubaliana kuiuza nyumba yake. Picha za kwanza nilizipiga jioni nikitoka kazini: taa zote zinawaka, simu mkononi, nimesimama katikati ya sebule. Dalali akazitumia hivyo hivyo. Wiki nne zikapita bila mtu hata mmoja kuomba kuja kuiona.

Usiku mmoja nilizikalia zile picha nikazitazama kwa jicho la mgeni, na roho iliniuma. Sebule ambayo mchana hung'aa mpaka pembeni ilikuwa imegeuka pango la rangi ya chungwa, dirisha limekuwa buluu, na kuta zimeinama kama zinataka kuanguka. Nyumba ile haikustahili kuonekana vile.

Kosa kubwa lilikuwa taa. Balbu nyingi za nyumbani zina mwanga wa kelvini 2700 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), wa njano. Mwanga wa mchana unakaribia 5500. Kamera haiwezi kuusawazisha mwanga wa aina mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukiirekebisha kwa balbu, dirisha linakuwa buluu. Ukiirekebisha kwa dirisha, kuta zinakuwa za njano. Nikazima kila taa, nikafungua mapazia yote, nikasubiri saa nne asubuhi, nyumba imejaa mwanga lakini jua halipigi moja kwa moja ndani.

Rafiki yangu aliniazima kamera yenye lenzi ya milimita 24, inayoona pana kiasi, pamoja na stendi yake. Niliiweka kwenye kizingiti cha mlango, kimo cha sentimita 120 hivi, na nikahakikisha haielekei juu wala chini hata kidogo. Hapo ndipo kuta ziliposimama wima. Jikoni niliipandisha kidogo ili meza ya kukatia ionekane kwa juu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, niliiacha chini, 100, na tundu la lenzi nikaliweka dogo kiasi, f/8, kwa hiyo kamera ilihitaji muda zaidi kukusanya mwanga. Kwenye vyumba vyenye giza picha moja ilichukua karibu nusu sekunde, na ndiyo maana stendi haikwepeki, na nikatumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera.

Dirisha la sebuleni lilinisumbua zaidi. Chumba kikionekana vizuri, nje kunakuwa kweupe pe. Nje kukionekana, chumba kinakuwa giza. Nilipiga picha 3 bila kuisogeza stendi, moja ya giza, moja ya kawaida, moja ya mwanga mwingi, kisha nikaziunganisha kwenye programu. Usizidishe hapo. Jaribio langu la kwanza lilifanya ukuta uonekane kama umechorwa, nikalifuta.

Simu yangu ina ile lenzi pana ya 0.5, na nilijaribiwa kuitumia kila chumba. Lakini inavuta vitu vya pembeni: kiti cha mtu mmoja kikawa kama kochi la wawili. Mnunuzi akifika akakuta chumba ni kidogo kuliko alichokiona, ataanza kutilia shaka hata paa. Niliitumia bafuni tu, maana hapakuwa na pa kurudi nyuma.

Kuondoa vitu ndiyo kazi iliyonichukua siku nzima. Mikebe ya dawa, kalenda, sumaku za mlango wa friji, miwani ya mama iliyokuwa bado juu ya kimeza. Niliishika ile miwani muda mrefu. Nilibakiza kiti chake cha karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wa asubuhi unakiangukia vizuri kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Dada alitaka niifute kwa programu alama ya maji iliyokuwa darini. Nilikataa, nikaipigia picha yake peke yake.

Wiki ile ile picha mpya zilipotoka, dalali alileta watu watatu. Wa tatu, mama mmoja wa makamo, alisimama pale pale mlangoni nilipokuwa nimeweka stendi, akatazama sebule, akasema, "Ni kama kwenye picha." Kisha akaenda kukaa kwenye kile kiti, akauliza kama kinauzwa pamoja na nyumba. Nikamwambia hapana mama, hicho nimeshakiwekea nafasi kwangu.