Mtwara Kuchele, Ila Jina la Mama Mdogo Halimo Daftarini

Jamani, mji umekua. Sisi tuliosafiri enzi za pantoni ya Ndundu kuvuka mto Rufiji, basi likikwama kwenye tope la Nangurukuru mpaka abiria wanajuana kwa majina na koo zao, leo ukitoka Dar alfajiri unaingia Mtwara jua bado lipo. Malori ya saruji yanapishana na bajaji. Mitengo kuna hospitali ya rufaa ya kanda. Mtoto wa Tandahimba anasomea shahada hapa hapa Stella Maris, baba yake hahangaiki na nauli wala chumba cha kupanga Dar es Salaam. Nimepita Shangani, nimepita Chikongola, nimekula ming'oko mpaka nikashiba. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, naisema kwa sauti.

Kilichonikaba koo ni kingine, na tangu Machi hakijashuka.

Miaka mingi nilikuwa Cambridge, Uingereza, kwenye kazi ya uuguzi. Nilipoamua kurudi moja kwa moja niliweka nia kwamba Siku ya Wanawake ya 8 Machi nitaisherehekea kwetu. Tukashona sare ya kitenge. Tukaandamana nyuma ya bendi: manesi, walimu, askari wa kike, mama lishe, vikundi vya vikoba, mabinti wa chuo na mabango yao. Sindimba ikapigwa vumbi likapanda. Akapita binti anayeendesha bodaboda, kofia ngumu kichwani, akina mama wakampigia vigelegele mpaka naye akacheka. Nilitokwa na machozi ya furaha. Tulikuwa na rais mwanamke wa kumtaja, Mama Samia, aliyeapishwa 19 Machi 2021, na tulikuwa na Bibi Titi Mohamed wa kumkumbuka. Mabinti waliopata mimba wakiwa shuleni, ambao enzi zetu jina lilifutwa na habari ikaishia hapo, tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi darasani. Kwa mkoa kama wetu hayo ni makubwa, na anayeyabeza mimi simwelewi.

Kisha mgeni rasmi akaanza kuzungumzia mwanamke na uchumi wa korosho. Mama mdogo, aliyekaa ubavuni kwangu, akaingiza mikono ndani ya khanga.

Nikamwuliza taratibu ana nini. Akasita, kisha akanionyesha. Ncha za vidole zimebabuka, kucha nyeusi tii, kwenye kiganja cha kushoto ngozi imetoka na mpya haijashika vizuri. Mliokulia huku mnajua ni nini. Ni mafuta ya ganda. Unajipaka majivu, unagonga, ganda linapasuka, mafuta yanaruka, na majivu yakishatoka mkononi mafuta hayo yanakula nyama. Mama mdogo anabangua korosho za watu, analipwa kwa kilo. Mama mdogo mwenye shamba!

"Shamba walichukua, mwanangu," akasema. "Sikutaka kukusumbua ukiwa kazini kwa watu."

Habari yenyewe ni hii. Mama mdogo aliolewa kwao, kama ilivyokuwa desturi. Mume alikuja kukaa upande wa mke, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, na wajomba zetu wakamkatia sehemu ya ardhi ya ukoo wetu alime na mkewe. Wakapanda mikorosho. Baba mdogo alichimba mashimo, sikatai, na alikuwa mchapakazi. Lakini aliyepalilia ni nani? Aliyefyeka chini ya miti kabla ya msimu, akaokota asubuhi na umande, akanyonga korosho kutoka kwenye bibo moja moja, akazianika, akazichambua zisije zikashushwa daraja kwenye mizani, ni nani? Mimi mwenyewe nimeokota naye utotoni. Baba mdogo tulikuwa tunamwona siku ya kupuliza dawa na siku ya kupima.

Baba mdogo alipofariki, ndugu zake walikaa kikao wakasema mali ya mwanaume hurudi kwao, kwa ndugu na wapwa zake, ndiyo mila. Wakachukua miti yote.

Mila gani hiyo? Mimi nimelelewa katika mila hiyo. Bibi yangu alinifundisha kwamba kwetu ukoo hufuata tumbo la mama, na kwamba mwanaume akija kuoa kwetu anakuta ardhi ina wenyewe. Akifa au wakiachana, mke anabaki palepale alipozaliwa na watoto wake, juu ya ardhi ya mama zake, na hapana wa kumwondoa. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili. Mali aliyokuja nayo mume ilirudi kwao, ndiyo, lakini mke hakubaki mikono mitupu hata siku moja. Zama za mtama na muhogo hesabu hiyo ilikaa sawa, mazao yakivunwa yamekwisha. Mkorosho unakaa miaka na miaka, na kwa desturi mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mti ukawa na bei, ukaandikwa jina, na jina lililoandikwa likawa la mwanaume. Sasa hao mashemeji wameshika nusu ya mila inayowafaa, ile nusu iliyomlinda mama mdogo wameitupa, halafu wanakuja kutuambia habari za mababu.

Nilikwenda naye chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaokusanya korosho. Katibu ni kijana mstaarabu, akatuamkia, akatupa viti, akafungua daftari. Akateremsha kidole kwenye ukurasa. Jina la marehemu lipo, namba ya akaunti ipo, idadi ya mikorosho ipo. Juu ya jina pamepigwa mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko mwingine, jina la shemeji. Nikauliza, na la huyu mama je? Kidole kikapanda, kikashuka tena. "Huyu bibi hajawahi kuwa mwanachama, mama." Hajawahi! Mama mdogo alikuwa anatazama mlangoni, kama vile anasemwa mtu mwingine.

Mnajua mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyo tangu ulipoanza kwetu 2007. Korosho zinapimwa chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, mnada unapigwa, na hela inaingia kwenye akaunti ya jina lililoandikwa. Salfa na dawa nyingine za ruzuku nazo zinafuata jina. Ambaye jina lake halimo hapewi salfa wala malipo, na likitokea la kugombania hana karatasi hata moja ya kushika mkononi. Ndiyo maana ndugu wa mume hawakuhitaji rungu wala mahakama. Walihitaji kalamu nyekundu tu.

Usiku ule sikulala, nikawa nawaza nilikotoka. Cambridge mwezi Machi kuna mihadhara, maonyesho, na matembezi ya kupitishwa mtaa kwa mtaa kusimuliwa habari za wanawake wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kilichonivutia daima ni kwamba wanaitaja aibu ya chuo waziwazi. Emily Davies na wenzake walianzisha Girton, chuo cha wasichana, mwaka 1869, na Newnham, cha wasichana pia, kikafuata 1871. Wasichana wakafanya mitihani ile ile ya wavulana. Mwaka 1890 Philippa Fawcett aliongoza mtihani wa hisabati, akampita hata mwanaume aliyetangazwa wa kwanza, lakini cheo hicho hakupewa kwa kuwa ni mwanamke. Shahada hakupewa pia. Mwaka 1897 wakapiga kura kama wanawake wapewe shahada. Wanaume zaidi ya 1,700 walikataa, na siku hiyo wanafunzi wakatundika juu ya mtaa sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli kuwadhihaki. Shahada kamili Cambridge iliwapa wanawake mwaka 1948. Hesabu mwenyewe tangu 1869.

Nilizoea kuzisikiliza habari hizo nikawahurumia wale mabinti wa Kizungu. Usiku ule nilimwona mama mdogo ndani yake. Kazi wameifanya, kila mtu ameona, matokeo yamepimwa kwenye mizani, ila jina halikuandikwa. Wale wa Cambridge walihangaika karibu miaka 80 kutafuta hicho hicho, jina kwenye orodha. Na waliposhinda hawakuacha kulisema. Kila Machi wanalirudia mbele ya wageni, mwaka kwa mwaka, nani alikataa na kura ngapi.

Sisi 8 Machi tunagawana majani ya chai na sabuni, tunapiga picha na mgeni rasmi, tunarudi nyumbani. Katika hotuba zote nilizosikia siku ile hakuna aliyeuliza ni wanawake wangapi wa mkoa huu wana jina lao kwenye daftari la chama cha msingi. Swali moja tu! Na sheria tunayo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji linalosuluhisha migogoro lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Mwaka 1983, katika kesi ya talaka ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, lakini msingi umebaki. Kama kupika na kulea ni mchango, kupalilia mikorosho maisha yote tukuite nini? Na wanaotaka dini, sisi wengi huku ni Waislamu: mjane mwenye watoto ana thumni yake, sehemu moja ya nane, ndani ya Qur'ani, na watoto ndio wenye sehemu kubwa ya kilichobaki. Ndugu wa marehemu aliyeacha watoto wa kiume hawana fungu hapo. Waliochukua ile miti wanaswali safu ya mbele.

Kwa hiyo nataka 8 Machi ijayo hapo kwenye mabanda awepo ofisa ardhi wa halmashauri na fomu za hatimiliki ya kimila, zile ambazo mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja. Awepo mtu wa ushirika anayesajili wanachama, na karani wa mahakama ya mwanzo wa kueleza mirathi. Mabinti wa chuo, wenye kalamu na muda, wakae na mama zao wawajazie. Sindimba ipigwe, sare zishonwe, mimi wa kwanza kuvaa. Lakini mama akitoka uwanjani awe na karatasi yenye jina lake.

Na nyie mlioko nje mnaotuma hela, nawaambieni kwa uchungu. Mmekuwa mnatuma za salfa kila Juni, za kupalilizia, za magunia. Mmewahi kuuliza korosho hizo zinapimwa kwa jina la nani? Pigeni simu leo. Msiulize "shamba haliharibiki?" Ulizeni daftarini kuna jina gani, na akaunti ya nani. Mama akikwambia "ya baba yako, ni sawa tu", usiridhike, maana baba akifumba macho mnakutana na watu ambao hata kwenye palizi hamkuwahi kuwaona. Hela ya tisheti za kaulimbiu mnayochangishwa kwenye makundi ya ukoo, nusu yake ipeleke kwenye kiingilio na hisa za mama yako kwenye chama cha msingi, awe mwanachama kwa jina lake angali ana nguvu.

Ambaye kifo kimeshatokea, msikae. Tafuteni cheti cha kifo. Itisheni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mjane na watoto wakiwemo ndani ya kikao, wasihesabiwe wageni. Pelekeni mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Tangazo hubandikwa, mwenye pingamizi analeta, na hapo ndipo wengi wa hawa mashujaa wa kalamu nyekundu huingia mitini, kwa sababu mbele ya hakimu mila inaulizwa maswali. Chama cha msingi hakipaswi kubadilisha jina la marehemu kwa neno la mdomo. Ombeni waonyeshe barua waliyotumia. Mimi niliomba. Katibu alifungua faili, akafunga, akaniambia nirudi mwenyekiti akiwepo. Nimerudi, na nitaendelea kurudi.

Wapo wanaosema nimekuja na mambo ya Ulaya kuvuruga ukoo. Ukoo ninaoutetea ni wa bibi yangu, na ardhi tunayogombania ni yake.

Maombi ya mirathi ya mama mdogo yako mahakamani, na tunataka yaishe kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana Oktoba ikifika mizani haimsubiri mtu. Aliye na mama, shangazi au dada mwenye shida kama hii, Mtwara au Lindi, aniandikie. Muhtasari wa kikao chetu ninao, nitamtumia auone ulivyoandikwa.