Nilipoacha kuhesabu mbu

Watu wakisikia niliacha maabara nikiwa na miaka 34 na shahada ya uzamili, nikaenda kuandika programu za kompyuta, hudhani nilichoka na sayansi. Sikuchoka. Kilichonichosha ni mikataba. Utafiti wa malaria kwetu unaendeshwa kwa fedha za miradi. Mradi ukiisha, nawe umeisha, unakaa nyumbani kusubiri andiko jingine la kuomba fedha lipite. Safari ya mwisho nilikuwa na mtoto anayeanza darasa la kwanza, na mwenye nyumba hajui habari za wafadhili.

Nilikuwa bonde la Kilombero, Morogoro. Mbu wanakamatwa usiku, asubuhi wanaletwa maabara. Anopheles ndio mbu wa malaria, na spishi mbili, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, huwezi kuzitofautisha kwa macho, hata darubini iwe nzuri vipi. Kwa hiyo unachukua mguu mmoja, unatoa DNA, unaendesha PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), halafu unatazama mistari kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu: gambiae anaangukia urefu wa 390, arabiensis 315. Kila sahani ya vipimo lazima iwe na kishimo chenye maji matupu, yasiyo na DNA. Maji nayo yakitoa mstari, ujue kuna uchafu umeingia mahali, na sahani nzima unaitupa hata kama umeshinda nayo kutwa.

Kwenye programu niliingilia mlango wa saa. Wakamataji wetu waliandika saa kama sote tunavyozisema: saa 3, saa 9. Aliyeingiza data akaziacha vilevile, na kompyuta ikaisoma saa 3 usiku kuwa 03:00. Ubaya ni kwamba mchoro wa mbu kwa kila saa ulipendeza! Anopheles wengi huuma usiku wa manane, basi rundo la mbu pale kwenye 03:00 halikumshtua mtu. Mimi nilishtushwa na mistari ya 09:00. Saa 3 asubuhi vijana wa kukamata mbu wako kwao wamelala fofofo. Hao mbu kawakamata nani?

Nikaandika amri chache kwenye R, lugha ya programu ya mambo ya takwimu: ongeza 18, jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Tatu ikawa 21, tisa ikawa 3. Ikabaki saa 12, ambayo usiku mmoja unayo mara mbili, jioni na alfajiri. Hiyo nikaitenganisha kwa kufuata mpangilio wa fomu. Mchoro ulipojichora upya, niliutazama kwa furaha ambayo jeli haijawahi kunipa.

R ilitengenezwa na wanatakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na inamhurumia mtu anayefikiri kwa majedwali. Mradi ulipoisha nikahamia Python, halafu JavaScript, ambayo haimhurumii mtu. Nilisoma usiku mtoto akishalala, kwa vifurushi vya usiku kwa sababu ni rahisi. Kipindi hicho hakina hadithi, ni uchovu tu.

Kazi niliyopata ni ya kutengeneza mifumo ya vituo vya afya, ofisi iko Kijitonyama, Dar es Salaam. (Ndiyo, niliyeacha sayansi kila asubuhi nashuka kituo cha Sayansi. Konda akiita "Sayansi, wa kushuka!" huwa nacheka peke yangu.) Mshahara wa kuanzia ulikuwa chini ya ule wa maabara, na kiongozi wa timu ni kijana ambaye ningeweza kumfundisha kidato cha nne. Hilo la umri nililiogopa bure. Ananiita dada, ananisahihisha bila kunionea haya, nami nashukuru.

Tunachopishana ni kitu kingine. Yeye programu ikitoa jibu, ameridhika. "Dada, si inafanya kazi? Tupandishe ianze kutumika." Mimi siamini jaribio la kukagua programu ambalo sijaliona likishindwa. Kabla ya kulitegemea nalilisha kwanza data mbovu ya makusudi. Likisema sawa, basi jaribio lenyewe ni bovu. Ni yale maji matupu ya maabara, na hapa wengi hawana mazoea nayo.

Mfano ni wagonjwa waliozaliwa 1 Januari 1970. Walijaa kwenye mfumo wetu mmoja, na kila mtu aliona kawaida: wazee wengi hawajui tarehe zao, karani anaandika 1 Januari maisha yaendelee. Lakini kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia tarehe hiyohiyo, kwa hiyo sifuri inayoingia mahali pa tarehe inageuka kuwa 1 Januari 1970. Tulikuwa na makundi mawili yamevaa tarehe moja. Nikaomba tuangalie na saa. Tarehe zilizoandikwa na karani zilisomeka 00:00. Za sifuri zilisomeka 03:00, maana Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya muda wa dunia unaoanzia sifuri. Kijana akaguna, "Dada, wewe ni mpelelezi." Hapana, mimi nilikuwa nahesabu mbu.

Anayeniuliza kama ahame namuuliza kwanza ana akiba ya kula miezi mingapi, maana kozi zenyewe zipo tele mtandaoni na nyingi ni za bure. Mwaka huu mshahara umeupita ule wa maabara. Mkataba wangu hauna tarehe ya mwisho, jambo ambalo mama yangu bado haliamini, kila nikimpigia anauliza, "Mwanangu, mradi wenu unaisha lini?"