Nilivyomlipia Jeb Bush kahawa

Kijiwe chetu cha Magomeni Mapipa kilikuwa na ubao mmoja wa drafti, vizibo vya soda ndiyo kete, na redio ya mzee mmoja fundi viatu ambayo haikuzimwa kutwa. Ilikuwa Februari 2016. Uchaguzi wetu ulishapita Oktoba, tukabaki na njaa ya siasa, basi tukazihamia kura za mchujo za Marekani, zile za vyama kuteua wagombea urais.

Fundi alimpenda Bernie Sanders, seneta wa Vermont, "mzee mwenzangu". Kilichomkuna ni dola 27. Sanders alikuwa akirudia kwamba huo ndio wastani wa mchango anaopewa. Fundi akapiga hesabu kwa kidole vumbini: karibu elfu sitini zetu. Kwa vijisenti hivyo, Iowa nusura ampate Hillary Clinton, mpinzani wake ndani ya Democratic, asilimia 49.6 dhidi ya 49.8, na New Hampshire kachukua asilimia 60!

"Mzee, hela haishindwi," nikamwambia.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, kura za maoni za udiwani katani kwetu, usiku wa kuamkia siku yenyewe tuliitwa uani kwa mtu, mmoja mmoja, kama tunaopimwa malaria. Elfu kumi, imekunjwa mpaka inaenea kwenye ngumi. Mahakama Kuu ilishaibatilisha takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, tangu 2006, ila uani pale ilikuwa inaitwa nauli. Niliipokea. Mwalimu mstaafu niliyemtaka, aliyezunguka kwa miguu na daftari lake la kero, aliambulia kura za kuhesabu kwa vidole. Yangu haikuwemo.

Basi nikaweka dau kwa Jeb Bush: baba yake rais, kaka yake rais, na kamati iliyompigia debe ilishakusanya zaidi ya dola milioni 100. Republican wakimteua, fundi ananishonea viatu bure mwaka mzima. Wasipomteua, nakinywesha kijiwe kizima.

Jumapili ya tarehe 21 nilifika nikakuta ukimya usio wa kawaida, na muuza kahawa keshapanga vikombe. Usiku ule South Carolina, Bush kashika nafasi ya nne, kajitoa. Hata watu wasiojua drafti inachezwaje walijitokeza. Nililipia vikombe kumi na tisa na sinia zima la kashata, na mmoja akaomba cha kupeleka nyumbani.

Julai 12, Sanders alipotangaza kumuunga mkono Clinton, nilikwenda mbio kudai changu. Hata wake kashindwa! Fundi hakuinua kichwa. Uzi mdomoni, sindano kwenye soli.

"Dau lilikuwa la Bush, mwanangu," akasema. "Kaa ucheze. Vizibo vyeupe vyako."