Mgao wa mwisho

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatano moja, mwishoni mwa Oktoba 2018, nikiwa sokoni Majengo nachagua nyanya. Kwao Glasgow, Uskoti, ilikuwa saa saba mchana, huku kwetu saa kumi, na lile joto la Dodoma la kusubiri mvua.

"Kaka, mahakama imesema hela ni yangu."

Nikamwambia nitakupigia. Muuza nyanya alishaanza kunikazia macho, na, niseme ukweli, katika ubishi huo wa fidia ya bima ya mikopo yake ya zamani, mimi nilikuwa upande wa wadai wake.

Mimi ni mweka hazina wa SACCOS ya walimu. Ukikalia kiti kile miaka mingi, mtu anayepokea hela baada ya kusamehewa deni unamtazama kwa jicho la pembeni, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Mdogo wangu alifika Uskoti akafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za wakala, leo ipo kesho haipo. Akakopa benki, akachukua na kadi, na kufika 2008 alikuwa anadaiwa kama pauni 19,000. Kule kuna utaratibu wa hati: unakabidhi mali zako kwa mtu mwenye leseni ya kazi hiyo, yeye anakusanya na kuwagawia wadai. Wadai wanapewa wiki tano za kupinga. Wasipopinga wa kutosha, hati inawafunga wote, hakuna wa kukufuata nyumbani. Huyo mtu nitamwita kabidhi, maana nikisema mdhamini mtadhani ni yule anayekuwekea saini ya mkopo kisha anazima simu.

Alilipa pauni 180 kila mwezi kwa miezi 36. Mwaka 2011 kabidhi akatoa mgao wa mwisho, akafunga jalada, na deni lililobaki likafutwa.

Baadaye ndipo likaibuka suala la bima. Wenyewe wanaiita PPI: bima ya kukulipia marejesho ukiugua au ukiachishwa kazi. Mabenki ya Uingereza yaliipachika kwenye mikopo ya watu bila kuwauliza, au yakawauzia watu ambao isingewalipa kamwe. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao, kwa zile zamu zake za wakala. Mpaka dirisha la malalamiko linafungwa, tarehe 29 Agosti 2019, mabenki yalikuwa yameshaelemewa, na jumla ya marejesho ikapita pauni bilioni 38. Yeye alilalamika mapema 2017, benki ikakubali kosa: pauni 3,400. Ila hawakumpa. Kabidhi wa zamani alikuwa ameandika barua kwamba hela hiyo ni ya wadai.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba kabidhi ana haki. Bima ilikatwa kabla hajasaini hati, kwa hiyo dai lilikuwa mali yake siku ile anasaini, na alikabidhi mali zote. Kutojua kwamba una ng'ombe porini hakumfanyi asiwe sehemu ya zizi. Hatukusemeshana karibu mwezi.

Kesi iliyoamua jambo lake, inayojulikana kama ya Dooneen, ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye wadai wake waliambulia kama peni 22 kwa kila pauni, kisha miaka kadhaa baadaye ikajitokeza fidia ya bima ya zaidi ya pauni 56,000. Ubishi wote ukasimama kwenye maneno mawili: mgao wa mwisho. Kabidhi alidai mgao hauwezi kuwa wa mwisho kama kuna mali haijagawiwa, hata kama hakuna aliyeijua. Lord Reed, aliyeandika hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, hakukubali, na wenzake walikuwa pamoja naye. Mgao wa mwisho ni ule ambao kabidhi mwenyewe aliufanya kuwa wa mwisho. Ukishautoa, hati imekwisha, na kinachojitokeza baadaye ni cha mwenyewe.

Hukumu hiyo niliisoma usiku wa Jumatano ile kwa simu, umeme umekatika. Kilichonigusa ni kwamba kabidhi hakulazimishwa na mtu kufunga jalada. Alifunga, akachukua ujira wake, akaenda. Mimi nimefunga majalada mangapi bila kuyafungua kwanza?

Mdogo wangu alilipwa mwanzoni mwa 2019. Angekuwa Manchester, pengine asingepata kitu: kwa mipango ya madeni ya England, ambayo sheria zake si za Uskoti, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2017 kwamba mali iliyowekwa kwa ajili ya wadai inabaki yao hata mpango ukishakwisha. Hilo bado tunabishania. Yeye anasema Waingereza walikosea. Mimi nasema hati zao ziliandikwa tofauti, basi.

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa Mpwapwa alipata kiinua mgongo akamaliza mkopo wake miezi kumi na nne kabla ya muda. Akaniuliza, kwa upole tu, ile bima mliyonikata mwanzoni, miezi iliyobaki inakwenda wapi? Sikuwa na jibu. Niliwaandikia watu wa bima mara tatu. Ikarudi shilingi 41,000, wakati jalada lake lilishafungwa na jina lake halimo tena kwenye orodha ya wakopaji. Kikaoni mjumbe mmoja akasema iingie mfuko wa dharura, mama mwenyewe ameshamaliza, hana habari nayo.

Huyu mama hakusamehewa hata senti, kwa hiyo dai lake lilikuwa na nguvu kuliko la mdogo wangu. Nikawasimulia habari ya kabidhi wa Glasgow kuanzia mwanzo, chai ikapoa. Mjumbe yule akauliza Uskoti ni nchi gani.

Jioni nilimtumia mwalimu hela yake kwa simu, shilingi 41,000 na ya kutolea. Ya kutolea ilitoka mfukoni kwangu. Kwenye vitabu haikuwa na pa kuingia.